Cherehani Ndani ya Wimbo wa Saba

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, ngoja nikufupishie. Mimi ndiye yule mchambuzi wa muziki mliyekuwa mkinisoma kila Alhamisi, yule wa kugawa masikio: albamu mbovu sikio moja, albamu nzuri masikio matano. Niliwaandikia watu wa kawaida, wanaosikiliza huku wakipika, wakifagia au wakisubiri wateja, na ninyi wenyewe mkanibatiza Bwana Masikio. Leo ukurasa ule una mwenyewe mwingine. Mimi nimebakiwa na kona hii ya kueleza aibu zangu.

Wiki iliyopita nilikiri siri niliyoificha miaka tisa. Masikio hayakuwa yangu. Yalikuwa ya mke wangu.

Mke wangu, Mama Pacha, ni fundi cherehani. Anashonea chumba cha mbele cha nyumba yetu, midomo imebana pini tangu asubuhi, kwa hiyo haimbi. Anaguna tu, wimbo unamtoka puani bila maneno. Kazi yangu ilikuwa kuweka albamu mpya kwenye redio iliyo karibu na cherehani, siku tatu mfululizo. Siku ya nne nazima redio, nakaa mlangoni na daftari, nasikiliza anaguna nini. Akiguna nyimbo nne, masikio manne. Asipoguna kitu, mwanamuziki kaumia. Watu wakasema nina kipaji.

Halafu akaanza kuguna wimbo ambao sikuuleta mimi. Nikautafuta wiki mbili. Nikawagunia hata wauza santuri sokoni, wakanicheka. Ndipo ikaja bahasha kutoka kwa mwanamuziki mmoja wa kujitegemea, hana kampuni, anajirekodi mwenyewe, anajiita Nyuzi Sita. Albamu yake ilikuwa haijatoka, haijasikika redioni wala mtaani. Nikafika wimbo wa saba, nao ulikuwa uleule wa mke wangu.

Sasa sikia kilichofuata.

Nilikuwa kwenye meza yangu pale gazetini, katikati ya mtu wa michezo na mama wa matangazo ya vifo. Nikavaa hedifoni, nikaurudia ule wimbo.

Unaanza na gitaa peke yake. Kisha anaingia Nyuzi Sita, sauti nzito, ya taratibu, ya mwanamume asiye na haraka ya kurudi kwake. Nikaichukia papo hapo. Kwenye kiitikio inaingia sauti ya pili, ya kike, ndogo, ya chini. Hiyo sikuishughulikia. Kilichonishughulisha ni kitu kilichokuwa chini yake.

Tiki-tiki-tiki-tak. Tiki-tiki-tiki-tak.

"Vipi, wamefungwa?" akaniuliza mtu wa michezo.

"Nani?"

"Sijui. Umeshika kichwa kama kipa."

Ilikuwa cherehani. Na si cherehani yoyote, ni ile ya nyumbani kwangu. Mkanda wake ulikatika mwaka juzi nikauunga mwenyewe kwa waya na koleo, na kila kiungo kikipita kwenye gurudumu kinagonga: tak. Hakuna cherehani nyingine duniani yenye kilema kile, maana hakuna mume mwingine asiyejua kuunga mkanda kiasi kile.

Kwa hiyo wimbo ule ulirekodiwa nyumbani kwangu.

Nikageuza jalada nisome shukrani. Alimshukuru mama yake. Alimshukuru jirani aliyemwazima kinasa sauti. Mwisho kabisa, mstari mmoja peke yake: "Na rafiki yangu wa saa nane mchana."

Saa nane mchana mimi huwa nimelala. Mtu anayechambua maonyesho hurudi kwake wenzake wakiamka, kwa hiyo mtaa wote unajua ratiba yangu: saa saba nakula, saa saba na nusu nakoroma, hadi saa kumi. Kati ya chumba ninachokoromea na chumba cha kushonea kuna ukuta mmoja na pazia.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi changu kilikuwa kwenye cherehani.

Nilifika nyumbani jioni, nikamkuta anapinda suruali.

"Nani kaja leo?" nikauliza kabla ya kuvua viatu.

"Wateja," akasema, pini mdomoni.

"Wateja gani?"

Akatoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kola ya gauni lake. Mke wangu akitoa pini, jua swali lako limemchosha.

"Mwalimu wa sketi. Yule mama wa mapazia. Mwenye sare za watoto. Nikuletee na vitambulisho vyao?"

"Hakuna mwanamume?"

"Baba Pacha, una homa?"

"Nimeuliza tu."

"Basi nawe ujijibu tu."

Akarudisha pini mdomoni. Akaanza kuguna. Wimbo uleule. Hapo mbele yangu, waziwazi, bila aibu.

Alipotoka kwenda kuanua nguo, nikalivamia daftari lake la vipimo. Sikuhitaji kupekua mbali. "Nyuzi Sita, koti la jukwaani. Bega inchi kumi na tisa na nusu. Kifua inchi arobaini na nne."

Arobaini na nne! Nikachukua utepe wake, nikajipima. Bega kumi na sita na nusu. Kifua thelathini na saba. Nikajipima tena, nikapata yaleyale. Mara ya tatu nikavuta pumzi hadi macho yakatoka, nikapata thelathini na tisa.

"Unataka shati?"

Alikuwa amesimama mlangoni na nguo mkononi. Mimi nimejizungushia utepe kifuani, mashavu yamejaa hewa.

"Ndiyo," nikasema. "Shati."

"Basi usivute pumzi hivyo, litakupwaya."

Akaja kunipima mwenyewe. Mikono yake ikapita mabegani kwangu, pumzi yake shingoni, na muda wote anaguna wimbo wa saba. Nilitaka kulia. Nilitaka kumwuliza, na niliogopa kumwuliza, maana nikiuliza atajibu, na mke wangu hajui kudanganya.

Badala ya kuuliza nikaenda kuandika.

Ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kwa miaka tisa kuandika bila kusubiri mguno wa Mama Pacha. Niliandika kwa wivu, na wivu unaandika haraka. Nusu saa haikuisha.

Mama Mhariri akanisomea kwa sauti, miwani puani. "'Nyuzi Sita ana nyuzi sita na zote zimelegea.' Ehe. 'Wimbo wa saba ndio umezidi: kelele za nyuma ambazo mwanamuziki makini angezifuta, na sauti ya pili ya kike iliyookotwa sijui wapi, inaimba kama mtu anayeogopa kumwamsha jirani. Msikilizaji wangu, ukitaka usingizi, lala tu. Usinunue albamu.'"

Akavua miwani.

"Sikio moja?"

"Na hilo moja nimeona huruma."

"Si kawaida yako kumtukana mtu anayejirekodi mwenyewe. Wewe huwa unawabeba hao."

"Debe tupu halibebeki."

"Sheria yangu unaijua. Mchambuzi haandiki ndugu, haandiki mke, haandiki adui. Nikigundua umevunja, ukurasa nauchukua siku hiyohiyo."

"Huyo mtu simjui," nikasema. "Sijawahi hata kumwona."

Na ilikuwa kweli. Nilijua mabega yake tu.

Ile sauti ya kike niliiponda kwa kumkomoa yeye mwenye albamu. Nilidhani ni binti wa kuazima. Ninyi mnaosoma mmeshajua, nawaona mnatikisa vichwa. Mimi mwenye masikio sikujua. Miaka kumi na minne ya ndoa sikuwahi kumsikia mke wangu akiimba maneno.

Alhamisi gazeti likatoka. Ijumaa nikapokea salamu za pongezi: Bwana Masikio kawasha moto! Nilitembea kifua mbele, kile cha inchi thelathini na saba.

Mama Pacha hasomi gazeti siku linapotoka. Anasubiri likae, alitumie kukatia vipimo vya nguo. Analitandaza mezani, anachora mkono wa shati au kola, anakata, ndipo anakiweka juu ya kitambaa. Jumatatu nikaingia nikamkuta amesimama na mkasi. Mkono wa shati ulikuwa umekatwa nusu, na mkasi umesimama katikati ya ukurasa wangu. Lile shati lilikuwa langu.

"Baba Pacha, haya umeandika wewe?"

"Kazi ni kazi."

"'Inaimba kama mtu anayeogopa kumwamsha jirani.'" Alisoma taratibu, kidole chini ya kila neno.

"Ndivyo nilivyosikia."

"Ulisikia vibaya. Sikuwa namwogopa jirani. Nilikuwa naogopa kukuamsha wewe."

Nilikaa. Sikukaa kwenye kiti, nilikaa juu ya mapazia ya yule mama.

"Wewe ndiye..."

"Mimi."

"Na yeye?"

"Yeye alikuwa anapiga gitaa. Ulifikiri anafanya nini?"

Akaniangalia. Akauangalia utepe ulioning'inia shingoni kwake. Akayaangalia mabega yangu. Polepole uso wake ukabadilika.

"Kumbe lile shati!"

Akacheka. Alicheka hadi akashika meza, na kwa muda mfupi nikafikiri nimeokoka. Halafu kicheko kikamwisha, na kilivyoisha sikukipenda.

Akanieleza yote, kwa ufupi, kama anavyomweleza mteja bei. Yule bwana alikuja kupimwa koti la kuvaa kwenye tamasha la Jumamosi hii. Akamsikia anaguna. Akauliza wimbo wa nani. Wangu, akamwambia. Siku ya kujaribisha koti akaja na gitaa na kinasa sauti, akasema mama, maneno nimeyapata, toa pini uimbe. Mlango wazi, yule mama wa mapazia amekaa palepale anasubiri zamu. Mimi nakoroma upande wa pili.

"Mkoromo wako ulitusumbua sana," akasema. "Tulirudia mara nne."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu kila ninachokiguna humu ndani unakipeleka gazetini. Nilitaka kimoja kisipite kwenye daftari lako."

"Unajua kuhusu daftari?"

"Mtu mzima anakaa mlangoni miaka tisa ananitazama pua, nisijue?"

"Na hukusema!"

"Ningesema ya nini? Ilikuwa inanifaa. Unamkumbuka yule mpiga tarumbeta uliyempa masikio matano?"

"Albamu bora ya mwaka ule!"

"Mbaya. Lakini alikuja kushona suti ya kumzikia baba yake, nikamwonea huruma. Niliguna nyimbo zote hadi pua ikauma."

"Mama Pacha!"

"Na wale akina dada watatu uliowapa sikio moja?"

"Hawakuwa na jipya!"

"Walikuwa wazuri sana wale. Ila walichelewa mwezi mzima kuja kuchukua magauni yao."

Miaka tisa nimekuwa nikizungumza redioni, nikialikwa kwenye makongamano, nikiulizwa siri ya sikio langu. Kumbe muziki wa watu ulikuwa unaamuliwa na fundi mwenye huruma kwa wafiwa na hasira na wachelewaji.

Mtu mwenye akili angeshukuru. Mke hakuwa na hawara. Ningemwangukia, ningeomba radhi, yangekwisha. Lakini nitawaambia ukweli, maana kona hii ni ya ukweli: wivu haukuondoka, ulizidi. Ningemkuta na mapenzi ningejua pa kulia, ndugu wangekuja, wazee wangeketi, lawama ingekuwa na mwenyewe. Sasa nimlaumu nani? Mwanamume aliyeingia chumbani kwangu mchana, akamwambia mke wangu atoe pini mdomoni, kitu ambacho mimi sikuwahi kumwambia. Yeye kamsikia. Yule mama wa mapazia kamsikia! Mimi nilikuwa nakoroma.

Kesho yake Nyuzi Sita akaja kuchukua koti.

Nilikuwa nimemtengeneza kichwani mrefu, kijana, mwenye meno. Akaingia mtu wa makamo, mpana, mwenye upara, anabisha hodi mara tatu kwenye mlango ulio wazi.

"Shemeji!" akaniita, mikono yote miwili mbele. "Hatimaye nakukuta uko macho. Pole na kazi, shemeji yangu."

Nikamwangalia Mama Pacha. Pini mdomoni. Hakuwa amemwambia mimi ni nani. Kwake nilikuwa mume wa fundi, basi.

"Mnaendeleaje na tamasha?" nikauliza, maana nilitakiwa kuuliza kitu.

Akashusha pumzi. "Wametuondoa jukwaa kubwa, shemeji. Tulikuwa tupande saa kumi na moja jioni, watu wamejaa. Sasa wametupeleka kwenye hema dogo, saa sita mchana, wakati wa foleni ya chakula. Wamesoma gazetini. Kuna bwana mmoja ametupa sikio moja."

"Pole sana."

"Mimi sina kinyongo. Kila mtu na masikio yake. Roho inaniuma kwa ajili ya mama huyu. Ni mara yake ya kwanza kupanda jukwaani, na nilimwahidi jukwaa kubwa." Akanigusa bega, lile la kumi na sita na nusu. "Wewe una bahati, shemeji. Unaishi na sauti ile. Sisi tunaazima."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama Pacha alikuwa amesimama nyuma yake na koti mkononi, ananitazama. Alinipa nafasi. Nilichotakiwa kusema ni maneno matatu tu: ni mimi, nisamehe.

"Masikio ya watu," nikasema, "Mungu ndiye anayeyajua."

Mama Pacha akamvalisha yule bwana koti. Tangu saa ile hakuguna tena. Siku ya kwanza nilidhani amechoka. Siku ya pili nikaweka redio, akaguswa na wimbo mzuri, nikaona shingo yake inataka, akaizuia. Nyumba nzima ikabaki na cherehani tu. Tiki-tiki-tiki-tak. Kula tulikula, salamu tulisalimiana, lakini ndugu zangu, ule ukimya usiombe ukukute.

Alhamisi nikaenda kwa Mama Mhariri.

"Nataka kusahihisha ule uchambuzi."

"Kwa sababu?"

Hapo ndipo palikuwa na mtego. Nikisema ni mke wangu, ukurasa umekwenda. Nisiposema, Mama Pacha anaimba hemani mbele ya watu wanaotafuna.

"Nimesikiliza upya," nikasema.

"Miaka tisa hujawahi kusikiliza upya." Akanitazama juu ya miwani. "Basi Jumamosi nenda hemani, ukasikilize mbele ya watu. Aya nne, kabla ya saa tisa alasiri. Nami nitakuwepo."

Jumamosi niliondoka nyumbani kabla yake. Hatukuagana vizuri.

Hema lilikuwa la turubai la kijani, viti vya plastiki, jukwaa la mbao lililoinuka kidogo tu kutoka chini. Saa sita kasoro palikuwa na watu thelathini, nusu yao wamekimbia jua. Harufu ya chakula ilikuwa inapita kutoka upande wa pili, na kila ilipopita wawili watatu walinyanyuka. Nikakaa viti vya nyuma, daftari gotini, kofia machoni.

Wanaume wawili wakapandisha cherehani jukwaani. Watu wakacheka. Mmoja akauliza kwa sauti kama wanashona au wanaimba.

Kisha akapanda Nyuzi Sita na koti lake. Lilimkaa. Mke wangu anajua kazi, lilimkaa mabega yote mawili.

Nyuma yake Mama Pacha. Amevaa gauni la samawati ambalo sikuwahi kuliona likishonwa, ingawa lilishonwa nyumbani kwangu. Kola haina pini hata moja. Akaketi, akaweka mguu kwenye kanyagio, na cherehani ikaanza. Tiki-tiki-tiki-tak. Safari hii ile tak ilikuwa kwenye spika, na watu waliokuwa wakicheka wakaanza kuitikia kwa miguu.

Gitaa likaingia. Akafungua mdomo.

Hakuwa anaogopa kumwamsha mtu.

Watu wakaanza kurudi kutoka kwenye foleni, sahani mkononi. Walisimama mlangoni, wakasogea, wakajaza njia. Mbele yangu kulikuwa na mama amebeba mtoto mgongoni. Kiitikio cha pili nikaona midomo yake imefungwa na shingo inatetemeka. Anaguna. Pembeni yake muuza maji, ndoo kichwani, naye anaguna. Mzee mmoja mdomo umejaa chakula, anaguna kupitia chakula. Hakuna mtu pale aliyejua maana ya ule mguno kuliko mimi. Miaka tisa ndio ulionilisha.

Na badala ya kufurahi nikaumia. Nilitaka kwenda kuwaziba midomo mmoja mmoja. Muuza maji anamjulia wapi mke wangu? Yule mzee ameishi naye? Nilimhesabia kila mtu aliyefumba macho. Kila anayetabasamu alikuwa ananiibia.

Jirani yangu wa kiti akanigeukia. "Samahani, si wewe Bwana Masikio? Nilikuona kongamanoni mwaka jana."

"Umenifananisha."

"Ni wewe! Jamani, huyu hapa aliyeandika mama anaogopa jirani!"

Wimbo ulikuwa unamalizikia. Makofi yakapigwa, na ndani ya makofi ikaanza zomeazomea. Mtu akanivua kofia. Mtu akaomba nisimame nionekane. Mama mwenye mtoto mgongoni akasema nina sura ya mtu asiyesikia.

Jukwaani Nyuzi Sita akakinga macho na mkono kutazama fujo inatoka wapi. Akaniona.

"Shemeji?" akasema, na maiki ilikuwa mdomoni mwake. "Jamani, hapana, huyo mnamwonea. Huyo ni shemeji yangu, mume wa mama huyu. Siyo mtu wa gazeti."

Hema lote likanigeukia. Mlangoni, kati ya watu wenye sahani, nikamwona Mama Mhariri. Kijiko kilikuwa kimesimama njiani kuelekea mdomoni. Akakirudisha.

Nyuzi Sita akamtazama Mama Pacha. Akanitazama mimi. Akaliona daftari gotini. Sijawahi kuona mabega mapana yakishuka vile.

"Shemeji," akasema tena, taratibu, safari hii bila maiki. Nikalifunga daftari.

Zomeazomea ikaanza upya, kali zaidi, ndipo Mama Pacha akasimama. Akachukua maiki mkononi mwa mwenzake.

"Mwacheni," akasema. "Ni wangu."

Wakamwacha.

"Baba Pacha."

"Naam."

"Leo hujalala."

"Sijalala."

"Umesikia wimbo wote?"

"Nimesikia."

"Basi sema hapahapa, mbele ya hawa watu. Usiende kusema gazetini." Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. "Masikio mangapi?"

Nikisema matano, watasema ni mume, angesema nini kingine. Nikisema pungufu ya matano, nisirudi nyumbani. Mama Mhariri alikuwa ameshaweka sahani chini na kukunja mikono, na ukurasa wangu nilijua umekwenda, kwa jibu lolote lile. Huo niliuaga palepale.

Lakini shida yangu haikuwa hiyo. Shida ni kwamba nilimdanganya tena. Sikuwa nimesikia. Nilisikia mstari wa kwanza, baada ya hapo muda wote nilikuwa nawatazama wanaomsikia. Mtu pekee ndani ya hema lile ambaye wimbo ulimpita alikuwa mimi, na yeye, aliyenisoma miaka yote huku akiguna, alikuwa amesimama pale ananitazama usoni.

Akampa maiki mtu wa mbele. Ikapitishwa mkono kwa mkono, kiti kwa kiti, mpaka kwa yule mama mwenye mtoto, naye akanigeukia akanipa.

Nikaipokea. Nilichosema nitawaambia wiki ijayo.